Pampu ya betri ya kujaza kaiti: ulinganisho wa njia tatu

Upepo wa kusi unapokolea, kuanzia Juni hadi Septemba, ufukwe wa Paje katika pwani ya mashariki ya Unguja huamka na kazi ambayo mtazamaji wa mbali haioni: kujaza kaiti upepo. Mwalimu mwenye wanafunzi wanne hulazimika kujaza kaiti nne kabla ya somo la asubuhi, na upepo ukiongezeka akashusha kaiti kubwa na kupandisha ndogo, huirudia kazi ile ile jua likiwa utosini. Kwa pampu ya mkono, mgongo huinama na kuinuka mara themanini hadi mia kwa kaiti moja. Anayefanya hivyo msimu mzima, kisha akaupokea msimu wa kaskazi unaofuata, huanza kuusikia uzito wake kiunoni na mabegani. Kwa mtu wa namna hiyo pampu ya umeme inayobebeka, isiyohitaji waya wa ukutani, ni chombo cha kazi kama zilivyo kamba na bodi.

Neno kaiti hapa lina maana ya ile tiara kubwa inayomvuta mtu aliyesimama juu ya bodi baharini. Muundo wake wa mirija inayojazwa hewa ulibuniwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioombea hataza mwaka 1984, wakitafuta kaiti ambayo ikianguka majini itaelea na kuweza kuruka tena. Mirija hiyo ndiyo mifupa yake. Ikijazwa pungufu, kaiti hujikunja dharuba inapopiga, huchelewa kuitikia mkono wa mpandaji, na ikianguka haiinuki. Ikijazwa kupita kiasi, mshono hufumuka au tyubu ya ndani hupasuka. Kwa sababu hiyo ninaamini kwamba pampu haichaguliwi kwa namba kubwa iliyochapwa juu ya kisanduku. Huchaguliwa kwa kuangalia kaiti inadai nini, unajaza ngapi kwa siku, na umeme wako unatoka wapi.

Kaiti inadai nini

Kaiti nyingi hutaka presha iliyo kati ya PSI (paundi kwa inchi ya mraba) 6 na 10, na mara nyingi namba hiyo huchapwa karibu na vali. Kwa kawaida kaiti ndogo hutaka presha kubwa kidogo kuliko kaiti kubwa, kwa kuwa mirija yake ni myembamba na huhitaji kukazwa zaidi ili isipinde. Mabawa ya kushika mkononi, yale yanayotumiwa na wapanda bodi zenye mguu mrefu chini ya maji, yamo karibu na kiwango hicho hicho, kwa hiyo mengi ya yanayosemwa hapa yanayahusu pia.

Presha peke yake haitoshi kutueleza kazi ya pampu. Lazima tujue pia kiasi cha hewa. Tuchukue mfano wa kaiti ya mita za mraba 12 ambayo mrija wake wa mbele una urefu wa mita 6.5 na kipenyo cha wastani cha sentimita 16, pamoja na mbavu tatu, yaani mirija midogo inayokatiza kaiti, zenye urefu wa mita 1.3 na kipenyo cha sentimita 9. Mrija wa mbele una nafasi ya lita 130 hivi, mbavu zote lita 25, jumla lita 155. Ili kufikia PSI 8 juu ya presha ya kawaida ya hewa inayotuzunguka, ambayo ni PSI 14.7, unapaswa kuingiza hewa mara moja na nusu na kitu ya nafasi hiyo, yaani lita 240 hivi. Katika hizo, lita 155 za kwanza huingia bila upinzani wa maana, na lita 85 za mwisho huingia kwa kusukumana na hewa iliyotangulia.

Hesabu hii ndiyo inayotenganisha pampu inayofaa na isiyofaa. Pampu ndogo ya kujazia matairi, ile inayoshikwa mkononi na kujivunia PSI 120 au 150, mara nyingi hutoa lita kumi na kitu kwa dakika. Kwa kaiti yetu itahitaji takriban dakika ishirini, ilhali maelekezo ya pampu za aina hiyo huweka kikomo cha dakika chache za kufanya kazi mfululizo kabla ya kupumzishwa ipoe. Tairi la pikipiki lina nafasi ndogo na linataka presha kubwa. Kaiti ina nafasi kubwa na inataka presha ndogo. Kwa hiyo nimeziweka pampu za matairi nje ya ulinganisho huu, ingawa ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi madukani.

Pampu inayofaa huwa na hatua mbili ndani yake. Kwanza feni husukuma hewa nyingi kwa presha ndogo, na maandishi ya pampu za bodi za kusimamia (zile za kujazwa hewa ambazo mtu husimama juu yake na kupiga kasia) mara nyingi hutaja lita 350 kwa dakika katika hatua hiyo. Kaiti ikishachukua umbo, pistoni hupokea kazi na kusukuma lita 70 hivi kwa dakika hadi presha iliyotegwa. Ukiweka kando muda wa kuunganisha, kaiti ya mita 12 hujaa kwa dakika mbili hadi nne, ambao ndio muda wa mtu mwenye nguvu anayepiga pampu ya mkono. Tofauti ni kwamba wakati huo mtu huyo anaweza kuwa ananyoosha kamba.

Vigezo na njia tatu zinazolinganishwa

Nimetumia vigezo sita: kasi na usahihi wa presha, namna pampu inavyoshika kwenye vali, betri na mahali pa kuchaji, usafiri wa ndege, uvumilivu mbele ya chumvi na mchanga pamoja na uwezekano wa kutengenezwa, na mwisho gharama.

Njia ya kwanza ni pampu yenye betri ndani yake, iliyotengenezwa kwa ajili ya kaiti na mabawa au kwa ajili ya bodi za kusimamia. Ya pili ni pampu ya volti 12 isiyo na betri, ambayo wewe mwenyewe huipatia betri ya nje unayoibeba hadi ufukweni. Ya tatu ni pampu inayochomekwa betri za vifaa vya ufundi, zile za volti 18 zinazoendesha drili na misumeno. Pampu ya mkono siihesabu kama njia ya nne kwa sababu, kama nitakavyoeleza, haipaswi kuondoka kwenye mfuko hata baada ya kununua mojawapo ya hizi.

Kasi na usahihi wa presha

Kwa kasi, pampu ya betri ya ndani na ile ya volti 12 zinakaribiana sana, kwa kuwa mara nyingi mashine iliyomo ni ya aina moja. Tofauti hujitokeza kaiti zinapofuatana. Pampu ya betri ya ndani hupata joto la mota na joto la betri ndani ya kasha moja, na kwenye jua la saa saba mchana hujizima mapema ili kujilinda. Ya volti 12 hupata joto la mota tu, kwa hiyo huvumilia kaiti tatu au nne mfululizo kwa utulivu zaidi, mradi betri iwe kivulini. Katika kundi la betri za ufundi lazima kutenganisha mbili: zipo pampu za matairi zinazotumia betri hizo, ambazo ni za polepole kama nilivyoeleza, na zipo chache zenye feni na pistoni kwa ajili ya bodi na maboya. Anayenunua kwa kuvutiwa na jina la betri bila kuuliza lita kwa dakika huishia na pampu nzuri ya gari.

Kuhusu usahihi, mambo matatu yanazihusu njia zote.

La kwanza ni kwamba pampu inapofanya kazi, kipimo chake husoma presha iliyomo kwenye mpira wa pampu, na hiyo huwa juu kidogo ya presha iliyomo ndani ya tyubu, hasa ncha ikiwa nyembamba. Pampu huzima ikidhani imefika. Iwashe mara ya pili, kisha upige mrija wa mbele kwa kidole: mrija uliojaa vizuri hulia kama ngoma iliyokazwa, na sikio lako likishazoea sauti hiyo halitadanganywa na namba.

La pili ni joto. Hewa iliyojazwa ikiwa na joto la nyuzi 45, kisha kaiti ikatua kwenye maji ya nyuzi 27, hushuka kutoka PSI 8 hadi chini kidogo ya PSI 7 bila tundu lolote. Kinyume chake, kaiti iliyojazwa PSI 8 asubuhi kwenye nyuzi 28, ikaachwa mchangani hadi hewa ya ndani ikafika nyuzi 50, hupanda hadi karibu PSI 9.7. Pampu ya umeme hurahisisha sana kujaza kaiti mapema na kuziacha zikisubiri wanafunzi. Huo ndio urahisi ninaouogopa. Jaza muda mfupi kabla ya kupanda, au punguza presha kidogo kwa kaiti itakayongoja juani.

La tatu ni namba iliyobaki kwenye kumbukumbu ya pampu. Bodi ya kusimamia hujazwa hadi PSI 15, wakati mwingine zaidi, na pampu nyingi hukumbuka namba ya mwisho. Pampu iliyoazimwa jana kwa ajili ya bodi ikarudi leo kwenye kaiti hupasua tyubu bila onyo. Angalia pia kipimo kinachotumika: PSI 8 ni sawa na baa 0.55, na ni sawa na kilopaskali 55. Mtu anayetega 8 huku kioo kikiwa kwenye baa ameagiza presha ambayo hakuna kaiti inayoweza kuistahimili.

Vali na ncha

Hapa ndipo pampu nzuri hushindwa na kipande cha plastiki cha bei ndogo. Kampuni za kaiti hazitumii vali moja. Kaiti za zamani zina tundu jembamba la kujazia na jingine la kutolea hewa. Kaiti za sasa zina vali pana zinazopitisha hewa nyingi, na kila kampuni ina umbo lake. Bodi za kusimamia zina vali tofauti kabisa, ya kusokota na kufunga.

Pampu za betri ya ndani zilizotengenezwa kwa ajili ya kaiti ndizo zenye nafuu katika kigezo hiki, kwa kuwa mara nyingi huja na ncha za kaiti ndani ya kisanduku. Zile za bodi, ziwe za betri ya ndani, za volti 12 au za betri za ufundi, mara nyingi huja na ncha ya bodi na ncha kadhaa za maboya, na ncha ya kaiti hununuliwa pembeni. Kabla ya kulipa, pima kipenyo cha vali yako, uliza kama ncha hujifunga yenyewe au hushikiliwa kwa mkono, na ukumbuke kwamba kushikilia ncha kwa mkono dakika tatu huku upepo ukiivuta kaiti kunaondoa nusu ya faida uliyoitafuta. Ncha nyembamba kwenye vali pana huifanya pistoni ianze mapema na feni isimalize kazi yake, kwa hiyo muda huongezeka.

Kuna jambo jingine linalogusa usalama zaidi kuliko ulinganifu. Anayetumia pampu ya mkono huifunga kaiti kwenye pampu, na uzito wa mwili wake huishikilia. Pampu ya umeme ina uzito mdogo na haina mtu juu yake. Kaiti ikifungwa kwenye pampu hiyo na dharuba ikaja, vyote viwili huondoka pamoja kuelekea kwa waogeleaji. Fungia kaiti kwenye mkanda wako wa kiunoni, usimame upande wa upepo, na usiondoke. Mkono wako pia ulikuwa kipimo: tyubu iliyojipinda ndani au kibanio cha ubavu kilichosahauliwa kikiwa kimefungwa huonekana kwa ugumu usio wa kawaida wa pampu ya mkono, na mashine haina habari nacho. Ichunguze mirija yote kwa macho inapochukua umbo.

Betri na mahali pa kuchaji

Pampu ya aina hii hutumia umeme wa wati 110 hivi. Ikifanya kazi dakika nne kwa kaiti, hutumia takriban saa-wati 7 (wati zikizidishwa kwa saa). Namba hiyo ndogo ndiyo msingi wa hesabu yote inayofuata.

Betri ya ndani yenye miliampia-saa 6000 kwa volti 11.1 ina saa-wati 67. Kwenye karatasi inatosha kaiti tisa, na ufukweni, baada ya kuondoa joto, uchakavu na majaribio ya kurudia, ni busara kutegemea tano au sita. Kwa mpandaji binafsi hizo ni siku kadhaa. Kwa shule ni asubuhi moja, na baada ya hapo pampu yenyewe iko kwenye chaja na haiwezi kufanya kazi popote pengine. Huo ndio udhaifu wake mkubwa.

Njia ya volti 12 hukuachia uchague ukubwa wa betri. Wengi huanza kwa kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, lakini ampia 9 hadi 10 zinakaribia kikomo cha fyuzi za matundu mengi, na waya mrefu mwembamba hupoteza volti njiani; vibanio vya kushika moja kwa moja kwenye betri ni salama na vya uhakika zaidi. Gari lenyewe mara nyingi halifiki mchangani. Betri ya pikipiki huonekana jibu rahisi, lakini betri ndogo ya risasi na tindikali huchoka upesi ikidaiwa ampia nyingi kwa wakati mmoja, na ikinyonywa hadi mwisho mara kwa mara hufa mapema. Betri ya lithiamu-chuma-fosfeti ya volti 12.8 na ampia-saa 20 ina saa-wati 256, na kwa hesabu yetu inajaza kaiti zaidi ya thelathini. Paneli ya jua ya wati 100 kwenye paa la banda huirudisha kwa siku moja ya jua zuri. Kwa ufukwe ambao umeme hukatika mchana wa Januari, watalii wakiwa wamejaa, hakuna njia nyingine inayoweza kujitegemea kiasi hiki.

Betri za vifaa vya ufundi ziko katikati. Betri ya volti 18 yenye ampia-saa 5 ina saa-wati 90, hubadilishwa kwa sekunde mbili, na ya akiba hukaa kwenye chaja wakati nyingine inafanya kazi. Zile zilizoandikwa volti 20 ni za kundi hilo hilo: 20 ni kilele chaji inapokuwa imejaa, na 18 ni wastani wa kazini. Makita, Ingco na Total zinajulikana kwa mafundi wengi wa Afrika Mashariki, lakini betri ya kampuni moja haiingii kwenye pampu ya kampuni nyingine. Mwenye drili na betri mbili nyumbani anunue pampu inayopokea betri zake, au asinunue ya kundi hili.

Safari za ndege

Anayesafiri na kaiti kutoka Ulaya au Ghuba kuja Zanzibar au Ukunda, au anayetoka huku kwenda kushindana kwingine, hukutana na kanuni ya betri za lithiamu. Betri ya akiba, iliyo nje ya chombo chake, haipakiwi kwenye mizigo ya chini. Hukaa na abiria ndani ya ndege, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Hadi saa-wati 100 haihitaji kibali. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Zaidi ya hapo haipandi na abiria.

Kwa hiyo pampu ya betri ya ndani yenye saa-wati 67 hupita bila kibali, na ni vyema uibebe mkononi ikiwa imezimwa kwa namna ambayo haiwezi kujiwasha. Betri ya ufundi ya ampia-saa 5 hupita pia, lakini ya ampia-saa 6, yenye saa-wati 108, inahitaji idhini, na tofauti hiyo ndogo imewaacha wasafiri wakibishana kwenye kaunta. Betri kubwa ya saa-wati 256 haisafiri nawe. Pampu yake ya volti 12 husafiri bila shida kwa sababu haina betri, na ukifika utatafuta betri ya mwenyeji. Wanaoagiza mizigo kutoka nje wakumbuke pia kwamba wasafirishaji wengi huwekea masharti betri za lithiamu, na pampu isiyo na betri hufika kwa urahisi zaidi.

Chumvi, mchanga na fundi

Mchanga wa Paje ni mweupe na laini kama unga, na huingia kila palipo na pumzi. Pampu huvuta hewa. Ikiwekwa juu ya mchanga huvuta mchanga, ukakwaruza pistoni na kubaki kwenye vali ya kaiti, kisha vali ikaanza kuvuja taratibu na lawama zikaenda kwa tyubu. Iweke pampu juu ya mfuko wa kaiti, mdomo wa kuvutia hewa ukitazama mbali na upepo, na usafishe chujio lake mara kwa mara. Jioni ifute kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, uikaushe, na kamwe usiimwagie maji ya mpira.

Katika uvumilivu, pampu ya betri ya ndani huanza vizuri kwa sababu ina kasha lililozibwa na haina viunganishi vya nje vingi. Ikiharibika, hata hivyo, huharibika yote. Fundi wa simu mwenye uzoefu anaweza kubadilisha seli zilizokufa, lakini hiyo ni kazi ya kumkabidhi anayeelewa saketi ya ulinzi ya betri, kwa kuwa seli za lithiamu zilizounganishwa vibaya huwaka moto. Ya volti 12 hupata kutu ya kijani kwenye vibanio na soketi, jambo linaloonekana na linalosafishika kwa msasa, na sehemu yake yoyote ikifa hubadilishwa peke yake. Waya, fyuzi, kibanio na hata betri hupatikana kwenye duka la spea la kawaida. Ya betri za ufundi ina mdomo wa betri ulio wazi, na chumvi hupenda sana mahali hapo. Chomoa betri kila baada ya kazi, ufute mdomo huo, na usiihifadhi betri kwenye gari lililofungwa juani. Betri zote za lithiamu zitakazokaa wiki kadhaa, msimu wa mvua za masika kwa mfano, huhifadhiwa vizuri zaidi zikiwa na chaji ya nusu.

Gharama

Sitaji bei, kwa sababu usafirishaji na ushuru hubadilisha kila kitu kati ya duka la mtandaoni na mlangoni kwako. Mpangilio wake tu unatosha. Pampu tupu ya volti 12 kwa kawaida ndiyo ya chini, hadi unapoongeza betri nzuri na paneli. Hapo jumla inaweza kuipita ya betri ya ndani, ingawa betri hiyo usiku itawasha pia taa za banda. Ya betri ya ndani iliyotengenezwa mahususi kwa kaiti huwa ya juu, na sehemu ya fedha hiyo hulipia ncha zinazofaa. Ya betri za ufundi ni nafuu kwa mwenye betri tayari na ghali kwa asiye nazo.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Ukipanda mara moja au mbili kwa wiki, una kaiti mbili, na mgongo wako hauna malalamiko, pampu ya mkono bado inakutosha, na fedha hizo zinaweza kununua tyubu ya akiba. Ukitaka wepesi bila kufikiria waya, betri ya ndani ndiyo inayoingia katika maisha yako kwa utulivu zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye maumivu ya bega au aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, ambaye kwake pampu hii inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuendelea na kuacha. Yeye achague ile yenye ncha inayojifunga yenyewe, hata kama ina kasi ndogo kidogo.

Shule yenye kaiti nane au zaidi kwa siku inafaidika na mfumo wa volti 12 wenye betri kubwa kivulini, na ni busara kuwa na pampu mbili za bei ya wastani badala ya moja ghali, ili moja ipoe wakati nyingine inafanya kazi. Msafiri wa ndege achague betri ya ndani iliyo chini ya saa-wati 100, au betri ya ufundi ya ampia-saa 5. Fundi seremala wa Nungwi au Malindi anayepanda jioni baada ya kazi ana betri tayari begani. Atafute tu pampu yenye feni na pistoni inayozipokea, na asipoipata, asiichukue ya matairi kwa kujifariji.

Familia yenye kaiti, bawa na bodi ya kusimamia inaweza kutumia pampu moja kwa vyote, mradi iwe inafika PSI 15 na kuonyesha wazi namba iliyotegwa kabla ya kuanza. Anayekwenda kupiga kambi kwenye ufukwe usio na umeme kabisa kwa siku nyingi arudi kwenye hesabu ya saa-wati 7 kwa kaiti, azidishe kwa idadi ya kaiti na siku, kisha aamue kama paneli ndogo itatosha. Popote aendako, pampu ya mkono iwemo mfukoni: betri ikidhoofika, feni inaweza kumaliza lita 155 za kwanza na mkono ukamalizia presha ya mwisho.

Na kwa vijana wanne au watano wanaochanga kununua pampu moja ya kutumia kwa zamu, ningewashauri mfumo wa volti 12, kwa kuwa kila sehemu hutengenezeka kwa mchango mdogo na hakuna atakayebaki na deni la mashine nzima iliyokufa. Chagueni mmoja wa kulala na betri nyumbani kwake, bandikeni utepe juu ya pampu, na juu ya utepe huo muandike kwa wino usiofutika presha ya kila kaiti mliyo nayo, kubwa na ndogo, ili anayeipokea pampu asome kabla ya kuwasha.